Wiki ya 6, ya 12 au Mwezi wa 6: Lini Urudi Juu ya Farasi Baada ya Kujifungua kwa Upasuaji?

Mwanamke aliyezoea tandiko, akijifungua kwa upasuaji, huanza kuhesabu wiki kabla hata nyuzi hazijatolewa. Nitapanda lini? Majibu humjia kwa fujo. Mkunga anasema wiki 6. Mwalimu wa farasi anasema miezi 3. Mwenzake aliyepasuliwa mwaka juzi anasema yeye alipanda wiki ya 4 na hakupatwa na lolote. Ukisikiliza vizuri hawabishani, kila mmoja anajibu swali lake. Mkunga anazungumzia kidonda, mwalimu anazungumzia nguvu, na huyo mwenzake anazungumzia bahati.

Hapa naziweka njia tatu bega kwa bega: kurudi mapema, kati ya wiki ya 6 na ya 8, kusubiri hadi wiki ya 12 au zaidi kidogo huku ukijijenga, na kukaa chini hadi mwezi wa 6. Lakini mizani haina kazi bila jiwe lake, na jiwe langu ni sekunde moja mbaya. Kukaa juu ya farasi aliyetulia si kazi ngumu, hata mgonjwa anaweza kuketishwa. Kazi ni ile sekunde ndege anapochomoka kichakani, farasi akaruka pembeni, na tumbo lako likatakiwa kukurudisha katikati kabla hujapata muda wa kufikiri. Likishindwa, unaanguka. Farasi wa kawaida ana kimo cha sentimita 150 hadi 165 begani, maana yake kichwa cha aliyempanda kiko zaidi ya mita 2 kutoka ardhini. Kwa hiyo kila njia nitaiuliza swali hilohilo: imekuandaa kwa sekunde hiyo, au imekuandaa kwa picha tu?

Kwanza, kilichokatwa ni nini

Ngozi ndiyo inayoonekana, na ngozi ndiyo inayotudanganya. Baada ya wiki 2 hivi huwa imeshafunga. Chini yake kuna mafuta, kisha utando mgumu mweupe unaoifunga misuli ya tumbo kama mkanda, kisha misuli yenyewe, kisha utando laini wa ndani, kisha mfuko wa uzazi. Misuli kwa kawaida haikatwi, huvutwa kando na kupishwa. Utando mgumu ndio hukatwa na kushonwa, na huo ndio unaozuia tumbo lisipasuke unapojikaza.

Utando huo hauna haraka. Kufikia wiki ya 6 huwa umerudisha takriban nusu ya nguvu zake za awali, na hata mwezi wa 6 ukifika bado haujawa kamili kama ulivyokuwa. Ndiyo maana ruhusa ya wiki ya 6 isomwe kwa makini. Daktari akisema "umepona" anamaanisha kidonda kimefunga, hakuna usaha, mfuko wa uzazi umesinyaa, damu imekatika. Hakukuona ukiwa juu ya mnyama wa kilo 500 anayeogopa mwavuli.

Kuna jambo jingine ambalo sikuambiwa nilipolala pale kitandani: mishipa midogo ya fahamu hukatwa pamoja na ngozi, na eneo la juu ya kovu huweza kubaki na ganzi kwa miezi mingi, wengine kwa miaka. Ushauri wa "sikiliza maumivu yako" kwa hiyo una tundu. Mkanda wa suruali ukikuchubua juu ya kovu lenye ganzi hutasikia, utauona jioni ukivua nguo.

Njia tatu kwa mkupuo mmoja

| | Wiki 6–8 | Wiki 12–16 | Mwezi wa 6 na kuendelea |
|---|---|---|---|
| Utando wa tumbo | Nusu ya nguvu | Unaendelea kukaza | Karibu na kamili, si kamili |
| Mwendo | Matembezi tu, dakika 10–20 | Matembezi na matiti (mwendo wa farasi wa mapigo mawili), baadaye mbio za polepole | Yote, kuruka vizuizi kwa hatua |
| Farasi | Mzee mtulivu, ameshikwa kamba | Mtulivu anayejulikana | Wako mwenyewe, akishafanyishwa kazi na mwingine |
| Msaidizi | Lazima awe ameshika kamba | Awepo karibu | Kama kawaida yako |
| Maandalizi kabla | Karibu hakuna | Wiki 6 za mazoezi ya chini | Miezi kadhaa |
| Ile sekunde mbaya | Hujajiandaa | Umejiandaa kiasi | Umejiandaa, ila umepoteza mazoea ya tandiko |

Jedwali lina tabia ya kufanya mambo yaonekane sawa kwa uzito. Hayako sawa. Mstari wa mwisho una uzito kuliko mingine yote ikijumlishwa.

Kurudi wiki ya 6 hadi ya 8

Sitawadharau wanaochagua njia hii, maana najua kinachowasukuma. Umekaa miezi bila kupanda, mwili si wako, usiku si wako, na dakika 15 za mwendo wa farasi zinaweza kukurudishia akili kuliko dawa. Kwa kichwa, njia hii inashinda zote.

Kwa mwili, ni nyembamba kama uzi. Inafaa tu ikiwa farasi anatembea, ameshikwa kamba na mtu anayemjua, ndani ya uwanja uliozungushiwa ua, na wewe umeshaonwa na daktari. Hapo hatari ya kuanguka inashuka sana, na mwendo wa matembezi wenye mapigo manne ya taratibu hauna kishindo. Ukitoa sharti moja kati ya hayo, si njia hii tena, umebaki na bahati ya yule mwenzako wa wiki ya 4.

Kuna makosa mawili ninayoyaona yakirudiwa hapa. La kwanza ni kupanda huku umemeza dawa ya maumivu. Dawa hainyamazishi jeraha, inamnyamazisha mlinzi wa mlango. La pili ni kusahau kwamba hatari ya damu kuganda miguuni huwa juu katika wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukatika, habari ya farasi inaishia hapo, unakwenda hospitali.

Kusubiri wiki ya 12, lakini si kusubiri kwa kukaa

Mimi nilipita huku, nikapanda wiki ya 13, na kama ningerudia ningepita hukuhuku. Namba 12 haikuanguka kutoka mbinguni. Mwongozo wa mwaka 2019 wa wanafiziotherapia wa Uingereza kuhusu kurudi kukimbia baada ya kuzaa unasema mama asianze kukimbia kabla ya wiki ya 12, hata akijisikia vizuri, na hata baada ya hapo apimwe kwanza. Unahusu kukimbia, si farasi. Lakini mwendo wa matiti ukiukalia unapiga nyonga na tumbo kwa namna inayofanana na kukimbia, tofauti ni kwamba mapigo unapigwa na mwingine, hauyachagui wewe.

Uzuri wa mwongozo huo ni vipimo vyake, ambavyo unaweza kuvifanya sebuleni. Tembea dakika 30 bila maumivu wala kuhisi kitu kizito kikishuka ukeni. Simama kwa mguu mmoja sekunde 10, kila upande. Chuchumaa nusu kwa mguu mmoja mara 10, kila upande. Kimbia papo hapo dakika 1. Ruka kwa mguu mmoja mara 10, kisha mwingine. Mkojo ukitoka, mshono ukivuta, au katikati ya tumbo pakichomoza kama mgongo wa samaki, hujafika. Nilipojipima wiki ya 11 niliweza vyote isipokuwa kuruka kwa mguu wa kushoto, ule ninaoukanyagia kikuku ninapopanda. Nilikuwa naegemea kulia kuukimbia mshono bila kujua. Wiki 2 nyingine zikaenda kwa mguu huo.

Wiki kati ya 6 na 12 ndizo zenye faida kuu ya njia hii. Unaanza na pumzi: ukitoa hewa, unavuta misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo na haja kubwa kwa pamoja, unashikilia, unaachia kabisa. Kuachia ni nusu ya zoezi na wapanda farasi wengi hawakujui, wanaishi wamejikaza. Kisha unainua nyonga ukiwa umelala chali, kwa miguu miwili, baadaye mmoja. Kisha unasimama kutoka kitini kwa mguu mmoja. Hakuna haja ya kujikunja tumbo mara mia, zoezi hilo katika miezi ya mwanzo linaweza kusukuma nje misuli iliyoachana badala ya kuirudisha.

Na hiyo misuli kuachana, usikisie. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, pitisha vidole katikati ya tumbo juu na chini ya kitovu. Pengo la upana wa vidole 2 au zaidi, au panapozama kama godoro, ni la kupeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kupeleka tandiko kwa farasi.

Watu husema: lakini sikuzaa kwa njia ya kawaida, sakafu yangu ya nyonga, ile misuli ya chini inayobeba kibofu na mfuko wa uzazi, ni nzima. Ilibeba mimba miezi 9 kama ya mwingine yeyote. Na kama ulikaa na uchungu saa nyingi na kusukuma kabla ya kukimbizwa chumba cha upasuaji, basi imefanya kazi zote mbili. Aliyepangiwa siku akapasuliwa kabla uchungu haujaanza na aliyepasuliwa kwa dharura baada ya siku nzima ya uchungu wana makovu yanayofanana, hawana nyonga zinazofanana.

Kukaa hadi mwezi wa 6

Hii haihitaji maneno mengi. Inamfaa aliyepata maambukizi ya kidonda au kidonda kilichofunguka, aliyepoteza damu nyingi na bado ana upungufu wake, aliyekatwa wima kutoka kitovuni kushuka badala ya mlalo wa juu ya nywele za kinena, aliye na uvimbe unaochomoza karibu na kovu akikohoa, na anayerudi kwenye kuruka vizuizi au farasi mchanga anayefundishwa. Huyu wa mwisho hana ugonjwa, ila kazi yake ina sekunde mbaya nyingi.

Hasara yake ni kwamba muda peke yake hauponyi. Nimemwona mama aliyekaa miezi 8 bila zoezi lolote, akarudi akijiamini kwa sababu kalenda ilimwambia amepona, na matiti ya dakika 2 yakamlowesha. Kalenda yake ilikuwa mwezi wa 8, mwili wake ulikuwa bado wiki ya 6.

Na usijilinganishe na mabingwa. Jessica von Bredow-Werndl wa Ujerumani alijifungua Agosti 2022, na Aprili 2023 akatwaa Kombe la Dunia la dresaji, mchezo wa farasi kuonyesha hatua alizofunzwa, huko Omaha, Marekani. Ni jambo la kupigiwa makofi. Lakini mtu wa ngazi ile ana farasi aliyefunzwa hadi ukucha na watu wa kumtunza na kumfanyisha kazi yeye asipokuwepo. Wewe na mimi tunabeba ndoo wenyewe.

Ndoo, robota na toroli

Na hapo kwenye ndoo ndipo ningetaka tukae kidogo, kwa sababu ulinganisho wote wa "kupanda au kutopanda" huiruka kazi ya bandani.

Mama aliyepasuliwa huambiwa katika wiki za mwanzo asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Sasa hesabu. Ndoo ya lita 15 ikijaa maji ni kilo 15 na ushee. Robota dogo la nyasi kavu hufika kilo 15 hadi 25. Tandiko la mtindo wa Kiingereza huwa kilo 5 hadi 8, na lile la wachunga ng'ombe wa Marekani lenye pembe mbele hupita kilo 13 kwa urahisi, nalo linatakiwa kurushwa juu ya mgongo ulio kwenye usawa wa macho yako. Kunyanyua kitu kizito na kukizungusha juu kwa mkono mmoja ni miongoni mwa mambo mabaya zaidi unayoweza kuufanyia mshono mchanga. Toroli la samadi linasukumwa kwa tumbo, si kwa mikono kama tunavyodhani. Kumvuta farasi anayeng'ang'ania jani ni mnyakuo wa ghafla usio na onyo.

Kwa hiyo kuna mama anayeogopa kupanda wiki ya 8, akasema "nitakwenda tu kusafisha banda," na kusafisha banda kukamdhuru kuliko matembezi ya dakika 15 yangemdhuru. Kati ya mtu anayepanda farasi aliyetandikwa na saisi, mtunza farasi, na mtu asiyepanda ila anabeba maji, wa kwanza ndiye aliyeulinda mshono. Kama huna wa kukutandikia, basi wiki yako ya kurudi ni ile utakayoweza kutandika, si ile utakayoweza kukaa.

Kazi ya chini iliyo salama ipo: kumpiga brashi farasi aliyefungwa, ukisimama karibu bila kujinyoosha mno, kumwongoza aliye mpole, kumfundisha hatua ndogo ukiwa ardhini. Farasi akikutambua tena kabla hujampanda, siku ya kwanza inakuwa nyepesi.

Matembezi, matiti au shoti?

Wasomaji wasiolijua neno la zamani la farasi wasicheke: matiti ndiyo jina la ule mwendo wa mapigo mawili, mguu wa mbele na wa nyuma wa upande wa pili vikipiga pamoja. Ingawa kwa anayenyonyesha, jina limepata kufaa. Maziwa yaliyojaa yakirushwa hivyo ni adhabu, kwa hiyo nyonyesha au kamua kwanza, vaa sidiria ya michezo inayoshika vizuri, na uivue mara ukishuka, kwani kubanwa kwa muda mrefu kunaweza kuziba mirija ya maziwa.

Matembezi ndiyo mwalimu. Nyonga zako zinakwenda na mgongo wa farasi, kushoto na kulia, na misuli ya ndani inaamka yenyewe. Ukiweza dakika 30 za matembezi, na zamu na kusimama na kuanza tena, bila kuhisi kitu kesho yake, endelea.

Matiti yana sura mbili. Ya kukaa yanamtaka mpandaji ameze kila pigo kwa tumbo na kiuno, na hayo yaache hadi mwisho kabisa, nyuma hata ya mbio za polepole. Ya kuinuka na kukaa yanahamisha kazi kwenye mapaja, na ndiyo ya kuanzia. Kuna pia kusimama kidogo kwenye vikuku bila kukaa, ambako kunalichosha goti na kulipumzisha kovu.

Mbio za polepole, zenye mapigo matatu, ni mtego mtamu. Zinabembea, hazipigi, na wengi husema haziumi sana kama matiti. Ni kweli. Lakini hapo ndipo farasi mwenye furaha huinamisha kichwa na kurusha miguu ya nyuma. Ukipima kwa starehe, mbio zinashinda, ukipima kwa jiwe letu, zinashindwa. Shoti yenyewe, ya kukata upepo, mwachie mama wa mwezi wa 6.

Farasi gani?

Wako unampenda, lakini naye amekaa. Farasi aliyepumzishwa miezi ana nguvu zisizo na pa kwenda. Wa shule ya upandaji amebeba wanafunzi jana na juzi, amechoka vizuri, hana cha kuthibitisha. Siku ya kwanza mimi nilimlipia farasi wa shule wakati wangu akinitazama kutoka zizini, na sikuona haya. Wako mpe mtu mwingine amfanyishe kazi wiki 2 au 3 kwanza.

Upana pia, jambo linalosahaulika. Viungo vya nyonga hulegea wakati wa mimba na hubaki hivyo kwa miezi kadhaa baada ya kuzaa. Ukikalia farasi mpana kama pipa, mapaja yanatanuliwa na kiungo cha mbele, pale mfupa wa kinena unapokutana, kinavutwa. Kama ulikuwa na maumivu hapo wakati wa mimba, farasi mwembamba mwenye kimo kirefu anakufaa kuliko mfupi mpana, japo jicho linakuambia mfupi ni salama. Mfupi wa wastani, mwembamba, ndiye dhahabu.

Kupanda na kushuka

Tumia kipandio. Kila mara. Kupanda kutoka ardhini ni kujivuta kwa mkono, kujipinda kiuno na kurusha mguu kwa wakati mmoja, mambo matatu mshono usiyoyataka. Kushuka nako watu hukudharau: kuruka chini na kutua kwa visigino ni pigo linalopanda hadi kwenye sakafu ya nyonga. Shukia kipandioni, au teleza polepole ukikunja magoti.

Mavazi, kwa ufupi

Suruali ya kiuno kirefu inayopita juu ya kovu inashinda ya kiuno kifupi ambayo mshono wake unakaa juu ya mshono wako. Mkanda wa kubana tumbo unapendwa sana. Unasaidia wiki za mwanzo ukitembea, lakini usipande nao kwa kujidanganya kwamba umekuwa misuli. Helmeti ikague kabla, na kama iliwahi kuanguka nawe, nunua nyingine. Fulana ya hewa inayojaa ghafla ukianguka inakaza kiwiliwili kwa nguvu, hivyo mwulize daktari kabla ya kuitumia, na kwa matembezi ya kamba fulana ya kawaida ya sponji inatosha.

Basi uchague ipi?

Kama upasuaji ulipangwa, ulikatwa mlalo, kidonda hakikuleta maneno, una mtu wa kushika kamba na mwingine wa kubeba tandiko, na unachokitaka ni kutuliza kichwa: matembezi ya wiki ya 7 au ya 8, baada ya kuonwa na daktari, kisha urudi kwenye mazoezi ya chini hadi wiki ya 12. Njia hizi si kuta, unaweza kuonja moja na kuishi kwenye nyingine.

Kama ilikuwa dharura, au ni upasuaji wa pili au wa tatu, au unafanya kila kitu bandani peke yako: wiki ya 12 hadi ya 16, na vipimo vya mguu mmoja kwanza. Kama mkojo unakutoka ukipiga chafya, hujafika popote bado, lakini tatizo hilo hutibika, usilichukulie kuwa kodi ya uzazi. Chama cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani, tangu 2018, kinashauri mama awasiliane na anayemhudumia ndani ya wiki 3 za kwanza na ukaguzi kamili ukamilike kabla ya wiki 12 kuisha. Tumia nafasi hiyo kusema neno "farasi" kwa sauti. Ukisema "mazoezi," daktari atafikiri kutembea.

Kama una moja ya zile hali nilizozitaja kwenye mwezi wa 6, mjadala huu haukuhusu hadi upate ruhusa ya anayekutibu.

Usingizi nao utie kwenye mizani. Mtu aliyelala saa 3 za vipandevipande ana mikono mizito na macho yanayochelewa. Siku hiyo, hata kama ni wiki ya 20, piga brashi tu uende nyumbani.

Siku ya kwanza ikifika, weka dakika 20 kwenye saa, na shuka saa inapolia, hata kama unajisikia unaweza saa nzima. Ukifika nyumbani jitazame kovu kwa kioo, kwa sababu ganzi haitakuambia. Kisha subiri. Jibu la mwili haliji juu ya tandiko, linakuja kesho yake na keshokutwa. Damu iliyokuwa imekatika ikirudi, uzito ukeni, kovu jekundu au la moto, homa, maumivu yanayokuamsha: hayo ni ya daktari, si ya kupumzika siku mbili na kujaribu tena. Uchovu wa mapaja tu, ule wa kushindwa kushuka ngazi bila kucheka? Panda tena baada ya siku 3, dakika 20 zilezile.